Mzunguko wa Nyuma katika Mapigo Mafupi ya Gofu: Chanzo Chake na Namna ya Kuutawala

Katika mchezo wa gofu, pigo fupi ni lile linalochezwa kutoka yadi 100 au pungufu kuelekea kwenye grini, yaani eneo la nyasi zilizokatwa chini kabisa ambamo shimo limechimbwa, na ubora wa pigo hilo hupimwa kwa mahali mpira unaposimama zaidi kuliko mahali unapoangukia. Baina ya kuanguka na kusimama, jambo linaloamua zaidi ni mzunguko wa nyuma, ambao ni hali ya mpira kwenda mbele huku ukijizungusha kinyume, upande wake wa juu ukirudi kwa mpigaji na upande wa chini ukikimbilia mbele. Watazamaji hushangilia mpira unaodunda kisha ukarudi nyuma kama uliovutwa kwa kamba, na wachezaji wengi wa ridhaa hudhani kwamba huo ndio upeo wa ustadi, wakatumia miaka kuutafuta kwa nguvu za mikono. Uchambuzi huu unashikilia rai nyingine: kwamba sehemu kubwa ya mzunguko huamuliwa na mambo yaliyokwisha kuwapo kabla fimbo haijainuliwa, na kwamba mchezaji hufaidika na mzunguko anaoweza kuutabiri kuliko mzunguko mwingi asioujua mwisho wake.

Elimu ya jambo hili ilianzia katika mapigo marefu. Mwanafizikia wa Ujerumani, Heinrich Gustav Magnus, alichunguza katika miaka ya 1850 namna kitu kinachozunguka hewani kinavyosukumwa upande, na mwishoni mwa karne hiyo Peter Guthrie Tait, profesa wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliitumia elimu hiyo kuhesabu safari ya mpira wa gofu. Wakati wake wachezaji wengi waliuona mzunguko kuwa dosari ya upigaji, lakini Tait alionyesha kwamba bila mzunguko wa nyuma mpira haungeweza kukaa hewani kwa muda ule unaoonekana uwanjani, kwa kuwa mzunguko ndio unaozalisha nguvu ya kuuinua. Mwanawe, Frederick, alikuwa bingwa wa mashindano ya wachezaji wa ridhaa ya Uingereza mwaka 1896 na tena mwaka 1898, kwa hiyo profesa hakukosa mtu wa kupimia hoja zake. Mwaka 1910 J. J. Thomson, mgunduzi wa elektroni, alitoa mhadhara juu ya mpira wa gofu katika Royal Institution jijini London, akathibitisha mengi ya hayo. Hata hivyo, yale yaliyo kweli kwa pigo la yadi 250 hayahamii moja kwa moja kwenye pigo la yadi 40. Katika pigo refu mzunguko hufanya kazi yake hewani, ilhali katika pigo fupi mpira huenda polepole na kukaa angani kwa muda mdogo mno, hata nguvu ya kuinua inakuwa haba, na kazi yote ya maana inangojea mpira uguse ardhi.

Chanzo cha mzunguko kimo katika mgusano wa fimbo na mpira, ambao hudumu takriban sekunde 0.0005. Mapigo mafupi huchezwa kwa weji, fimbo fupi ambazo uso wake umelala nyuma kwa pembe ya kati ya nyuzi 46 na 60, na pembe hiyo ya kulala ndiyo itakayoitwa hapa ulalo. Uso uliolala unapoufikia mpira, mpira huanza kwa kuteleza kupanda juu ya uso huo, hubonyea, kisha msuguano huushika na kuulazimisha kujiviringisha, na kujiviringisha huko ndiko kunakokuwa mzunguko wa nyuma mpira unapoachana na fimbo. Vipimo viwili vinahusika. Cha kwanza ni ulalo wa uso wakati wa mgusano, ambao mara nyingi si ule uliochongwa kiwandani, kwa sababu mikono ikitangulia mbele ya mpira ulalo hupungua. Cha pili ni pembe ambayo fimbo inashuka kuelekea mpira. Ulalo wa mgusano ukijumlishwa na nyuzi za ushukaji, jumla inayopatikana ndiyo inayoonyesha jinsi fimbo inavyoukata mpira badala ya kuugonga kifuani, na jumla hiyo inaweza kuitwa pembe ya mkato.

Hapa ndipo imani iliyoenea zaidi kuhusu mzunguko inapokwama. Wachezaji huambiwa waugandamize mpira kwa kushusha fimbo kwa ukali, wakiamini kwamba kadiri fimbo inavyoshuka wima ndivyo mzunguko unavyoongezeka. Achukuliwe mchezaji mwenye weji ya nyuzi 56 ambaye mikono yake imetangulia kiasi, ulalo wa mgusano ukawa nyuzi 42, na fimbo ikashuka kwa nyuzi 4: pembe ya mkato ni 46. Mchezaji huyo akiamua kushusha fimbo kwa nyuzi 10, kwa kawaida ataisukuma mikono mbele zaidi ili aweze kufanya hivyo, na ulalo wa mgusano utashuka hadi 36. Jumla inabaki 46 ile ile. Hakupata mzunguko wa ziada hata kidogo. Alichopata ni mpira unaoruka chini zaidi na fimbo ambayo ukingo wake wa mbele umeelekezwa udongoni, kiasi kwamba kosa la sentimita moja nyuma ya mpira linatosha kuifukia fimbo na kuuacha mpira ukisogea hatua chache tu. Ushauri wa kushusha fimbo unafaa kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba fimbo inayoshuka kidogo huufikia mpira kabla ya kugusa nyasi, na kwa hiyo mgusano huwa safi.

Wala kuongeza ulalo bila kikomo hakusaidii. Pembe ya mkato inapopanda, mzunguko hupanda nao, lakini pembe hiyo ikifika karibu na nyuzi 45 au 50, kutegemea hali ya uso wa fimbo na ganda la mpira, msuguano unashindwa kuushika mpira ambao sasa unateleza muda wote wa mgusano. Kuanzia hapo ulalo zaidi huleta kimo cha kuruka na si mzunguko. Ndiyo maana pigo la juu sana lililochezwa kwa fimbo ya nyuzi 60 iliyofunuliwa uso linaweza kusimama haraka huku mzunguko wake ukiwa mdogo kuliko wa pigo la chini lililochezwa kwa fimbo ya nyuzi 54. Kasi ya fimbo nayo ina sehemu yake, kwa kuwa mambo mengine yakiwa sawa fimbo iendayo kasi huzalisha mzunguko mwingi. Kwa mujibu wa vipimo vya rada ya TrackMan, pigo kamili la weji ya nyuzi 46 hivi kwa wachezaji wa kulipwa wa Marekani huupa mpira wastani wa mizunguko takriban 9,300 kwa dakika, ilhali pigo la fimbo ndefu ya kuanzia huupa takriban 2,700 tu. Katika pigo la yadi 30 au 40 kasi ni ndogo, hivyo mchezaji hana akiba ya kupoteza, na kila kinachopunguza msuguano kinaonekana mara moja.

Msuguano, basi, ndio moyo wa suala hili. Maadui zake ni maji na nyasi, ambazo kwa kweli ni adui mmoja, kwa kuwa jani bichi la nyasi likisagwa kati ya fimbo na mpira hutoa maji. Utando mwembamba wa maji ukikaa katikati, mpira huteleza kupanda uso wa fimbo, huondoka kwa pembe ya juu zaidi na kwa mzunguko mdogo zaidi. Dalili hii inastahili kukaririwa na kila mchezaji, kwa sababu inapingana na hisia ya kawaida: pigo la weji ambalo mpira wake umeruka juu kuliko ilivyotarajiwa, bila ya mchezaji kubadili chochote, ni pigo lililokosa msuguano, na mpira huo ukitua utaendelea kuviringika. Mpira ulioshikwa vyema huondoka chini, ukienda kwa msukumo na kuonekana kana kwamba utapita shimo, kisha hudunda mara moja au mbili na kukwama. Mchezaji aliyezoea kutazama pembe ya kuondoka anaweza kujua kabla mpira haujatua kama utasimama au utakimbia.

Vijifereji vilivyochongwa kwenye uso wa weji vipo kwa ajili ya hali hiyo ya unyevu. Wengi hudhani kwamba kingo zake huuma mpira na kuuzungusha, lakini mpira mkavu unapogongana na uso mkavu wa chuma chenye kwaruzo ndogo, mzunguko unaopatikana haupungui sana hata vijifereji visipokuwapo. Kazi yake kubwa ni ile ya mitaro ya tairi la gari barabarani wakati wa mvua: kuyapa maji na vipande vya nyasi mahali pa kukimbilia ili nyuso mbili zigusane. Kijifereji kilichojaa udongo mkavu ni sawa na kisichokuwapo, na ni jambo la kusikitisha kuona mchezaji aliyenunua weji ya bei kubwa akiicheza ikiwa na tope la shimo lililopita, ilhali kitambaa chenye maji kingemrudishia sehemu kubwa ya mzunguko anaoulilia.

Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika wazi pale watunga sheria walipoingilia kati. Tangu mwaka 1984 sheria ziliruhusu vijifereji vyenye umbo la herufi U, ambavyo hubeba maji na nyasi nyingi kuliko vile vya zamani vyenye umbo la V, na kwa muda wachezaji wa kulipwa wakagundua kwamba wangeweza kuuzungusha mpira kutoka kwenye nyasi ndefu karibu sawasawa na kutoka kwenye nyasi fupi. Adhabu ya kupotoka njia ikawa imefifia. Mwaka 2008 R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu duniani, vilitangaza mipaka mipya ya ujazo wa vijifereji na ukali wa kingo zake, na mipaka hiyo ikaanza kutumika katika mashindano makubwa ya kulipwa Januari 1, 2010. Mapema mwaka huo mchezaji wa kulipwa Phil Mickelson alicheza na weji ya zamani ya Ping Eye 2, ambayo ilibaki halali kutokana na makubaliano ya kisheria ya miaka ya nyuma, na mjadala mkali ukazuka mpaka mwanya huo ulipozibwa mwaka huo huo. Uamuzi wa watunga sheria ulikuwa wa haki, kwa sababu ulirudisha thamani ya kuuweka mpira mahali panapofaa kabla ya kufikiria pigo fupi. Sheria za gofu pia zinamkataza mchezaji kupaka kitu chochote kwenye kichwa cha fimbo ili kubadili mwenendo wa mpira, ingawa kukisafisha kunaruhusiwa kikamilifu.

Upande wa pili wa msuguano ni ganda la mpira. Mipira ya gata-pacha iliyoanza kutumika mwaka 1848, na ile ya nyuzi za mpira aliyoibuni Coburn Haskell huko Ohio mwaka 1898, ilikuwa na tabia zake, lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wachezaji bora walipendelea mpira wenye ganda laini la balata, ulioshikika vizuri na kuchanika upesi. Watu wa kawaida walitumia mipira yenye ganda gumu la ionoma, iliyodumu na kwenda mbali lakini ikateleza kwenye weji. Mwaka 2000 kampuni ya Titleist ilipotoa Pro V1, mpira wa tabaka kadhaa wenye ganda jembamba la yurethani juu ya tabaka gumu, mgawanyiko huo ulipoteza maana kwa haraka, kwa sababu ganda laini hubanwa kati ya uso wa weji na tabaka gumu la chini yake na kushikwa barabara. Tofauti ya mpira wa yurethani na wa ionoma haionekani sana katika pigo refu. Huonekana katika yadi 40 za mwisho. Mchezaji anayelalamika kwamba hawezi kuusimamisha mpira karibu na shimo angefanya vyema kuchunguza kwanza anachokipiga.

Mpira ukishaondoka na mzunguko wake, linabaki swali la ardhi, ambalo vitabu vya mafunzo hulipitia juu juu ilhali ndilo lenye majibu mengi. Mpira unaotua na mzunguko wa nyuma huusugua uwanja kwa upande wake wa chini, ambao unakimbia mbele, na msuguano huo hupunguza mwendo wa mbele na kula mzunguko kwa wakati mmoja. Kinachoisha kwanza ndicho kinachoamua matokeo: mzunguko ukiisha kabla ya mwendo, mpira huviringika mbele, mwendo ukiisha kabla ya mzunguko, mpira hurudi. Kwa tufe gumu lililo sawa ndani kote na kutua juu ya uso mgumu, hesabu zinaonyesha kwamba ili lirudi nyuma, kasi ya mzunguko pale kwenye ngozi yake lazima iwe zaidi ya mara 2.5 ya kasi ya kwenda mbele. Mpira wa gofu wenye kipenyo cha milimita 42.67, unaozunguka mara 9,300 kwa dakika, ngozi yake hukimbia takriban mita 21 kwa sekunde, kwa hiyo ungehitaji kutua ukiwa na mwendo wa mbele usiozidi mita 8 hivi kwa sekunde. Katika pigo fupi lenye mizunguko 5,000 kwa dakika, kikomo hicho hushuka hadi mita 4.5 hivi.

Hesabu hiyo inaeleza mambo mawili. Kwanza, mpira wa pigo fupi mara nyingi hudunda, hukwama na kusimama, na haurudi, hata ukipigwa na bingwa, kwa sababu kasi ya mzunguko haijafika huko. Pili, marejeo ya nyuma yanayoonekana kwenye televisheni hutegemea sana ulaini wa grini: mpira ukitua kwa kasi juu ya grini laini huchimba kishimo ambacho ukingo wake wa mbele huuzuia mwendo, na mzunguko uliobaki hupata nafasi ya kuuvuta nyuma. Grini ngumu iliyokauka kwa jua hainyimi mzunguko tu, inanyima hata kishimo hicho, na mchezaji aliyejifunza kwenye grini laini hushangaa mpira wake ule ule ukipita shimo kwa yadi 8.

Kutokana na hayo yote, mchezaji ana njia mbili za kuusimamisha mpira, kimo cha kuruka na mzunguko, na busara ya mchezo mfupi imo katika kuchagua uwiano wa hizo mbili kwa kuangalia mpira umekaaje. Mpira uliokaa juu ya nyasi fupi zilizokauka unaruhusu pigo la chini lenye mzunguko, ambalo lina faida kubwa kwa sababu mruko mfupi huacha nafasi ndogo ya kukosea umbali. Mpira uliozama katika nyasi ndefu hauwezi kuahidiwa mzunguko wowote, kwa hiyo hutafutiwa kimo cha kuruka, au huruhusiwa kukimbia kwa kuchagua mahali pa kutua mbali na shimo. Hali hii inawahusu kwa karibu wachezaji wa nyanda za juu za Kenya, kwa kuwa nyasi za kikuyu, zilizotokea katika milima ya Afrika Mashariki na kusambazwa hadi uwanja wa gofu wa Riviera huko Los Angeles, huubeba mpira vizuri juu ya majani yake lakini hushika kichwa cha fimbo na kuukwamisha mpira unaodunda juu yake. Karibu na grini yenye ukingo wa kikuyu, pigo la kudundisha kwa chini ni kamari, na mpira hauna budi kutua juu ya grini yenyewe. Mwinuko wa Nairobi, ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hubadilisha sana mapigo marefu, lakini katika yadi 40 mchezaji anaweza kuusahau.

Bankani, yaani ndani ya shimo la mchanga, mambo hubadilika, kwa sababu fimbo haipaswi kuugusa mpira kabisa. Mchanga ndio unaousukuma nje. Weji ya mchangani iliyoboreshwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na Gene Sarazen, aliyekuja kushinda mashindano ya Open ya Uingereza huko Sandwich mwaka 1932, ina kitako kilichobenuka chini ya ukingo wa mbele ili fimbo ipite ndani ya mchanga bila kuzama. Chembe za mchanga huupa mpira mzunguko kiasi, nao huwa mwingi zaidi fimbo ikipita karibu na mpira na kwa kasi, na mdogo zaidi ikichukua mchanga mwingi.

Hatari ya mzunguko uliozidi ilionekana wazi huko Augusta, Aprili 1996, siku ya mwisho ya mashindano ya Masters. Mchezaji Greg Norman aliianza siku hiyo akiongoza kwa mikwaju 6. Katika shimo la 9, ambalo grini yake inateremka kwa ukali upande wa mbele, alipiga weji kutoka yadi takriban 100, mpira ukatua sehemu ya mbele ya grini, mzunguko ukaushika, mteremko ukausaidia, nao ukarudi nyuma hadi ukatoka grini na kushuka mlimani kuelekea alikosimama. Norman alipoteza mkwaju hapo, akapoteza mingine katika mashimo matatu yaliyofuata, na jioni mpinzani wake Nick Faldo akawa mshindi kwa tofauti ya mikwaju 5. Pigo lile halikuwa baya kwa kipimo cha fundi. Mpira ulikosa umbali kwa hatua chache, na mzunguko ukazigeuza hatua hizo kuwa anguko. Mpira wenye mzunguko mdogo ungesimama mbele ya grini au kusogea juu kidogo. Mfano wa kinyume ni wa Zach Johnson, aliyeshinda Masters ya mwaka 2007 bila kujaribu hata mara moja kufika grini kwa mikwaju miwili katika mashimo marefu ya mikwaju mitano: aliuweka mpira katika umbali alioujua, kwenye nyasi fupi, na akayacheza mashimo hayo kwa mikwaju 11 pungufu ya kiwango. Mzunguko wake ulitawalika kwa sababu hali ya kila pigo ilifanana na ya lililotangulia.

Kwa mchezaji asiye na rada wala mwalimu, utawala huo hupatikana kwa mazoezi ya namna fulani. Mipira ya viwanja vya mazoezi, ambayo kwa kawaida ina ganda gumu na imechakaa, hufundisha umbali usio wa kweli na mzunguko usio wa kweli, kwa hiyo mapigo mafupi yafaa yafanywe kwa mpira ule ule utakaochezwa mashindanoni, kwenye grini halisi, fimbo ikifutwa baada ya kila pigo. Kisha yarudiwe kwa mpira na fimbo vilivyoloweshwa, na tena kutoka kwenye nyasi ndefu, mchezaji akihesabu kila mara hatua kutoka alama ya kutua hadi mpira uliposimama. Hatua hizo zikiandikwa kwa kila hali, kwa weji mbili au tatu na kwa mapigo ya nusu na robo tatu, mchezaji atakuwa na jedwali la mkono wake mwenyewe, na atakaposimama mbele ya grini ngumu asubuhi yenye umande atajua aulenge mpira utue wapi.